Mwaka Aliokwenda Hamisi Chalbi

Mwanatumu tumemzika Ijumaa iliyopita, baada ya swala, hapa Bofu, Likoni. Mimi sikufika kaburini, nilibaki uani na wanawake wenzangu tukimenya vitunguu vya pilau ya matanga, na bibi mmoja nisiyemjua akaniuliza kwa upole uliochanganyika na udaku: "Na weye mwanangu, na msalaba huo shingoni, marehemu mlijuana wapi?" Nikamwambia tulikaa nyumba moja zamani. Akaona jibu limetosha, akarudi kwenye vitunguu vyake. Halikutosha hata kidogo, lakini mtu huanzia wapi kueleza jambo kama hilo huku macho yanamchuruzika? Wiki hiyo hiyo binti yangu alikuwa amenionyesha kwenye simu yake tangazo la safari: unapumzika hotelini ufuoni, kisha unapelekwa na kiongozi jangwani kutazama urithi wa watu wa kaskazini, kisha unarudishwa ufuoni kumalizia likizo. Picha ya mwavuli na maji ya buluu upande huu, ngamia na mchanga upande ule. "Mama, si wazo zuri hili?" akasema. "Sijui nani alilifikiria." Nikamjibu kwa hasira ambayo hakuielewa kwamba tulilifikiria sisi, pale Shelly Beach, kabla yeye hajazaliwa, na kwamba kufikiria si kazi. Akanitazama kama mtu aliyemkanyaga paka gizani. Nikajuta, lakini sikumweleza.

Mwaka ule nilikuwa msichana tu, karani wa safari katika hoteli ambayo sasa imekuwa fleti za watu. Ofisi yangu ilikuwa chumba chembamba nyuma ya mapokezi, chenye harufu ya zulia lililolowa na dawa ya mbu, ramani ya Kenya ukutani, na redio ya mawasiliano juu ya meza. Simu za mkononi zilikuwa zimeanza kuenea huku kwetu, lakini kule kaskazini hazikushika, kwa hiyo gari likishapita Marsabit kamba yetu pekee ilikuwa ile redio. Nyumbani nilikuwa nimepanga chumba cha nyuma, karibu na jiko, katika nyumba ya Hamisi, dereva wetu wa jangwani. Yeye mwenyewe ndiye aliyenipeleka, akamwambia mkewe mbele yangu: "Huyu Kadzo ni mtoto wa Kigiriama, hajui kupika mbaazi, mfunze." Mwanatumu akanipokea mkoba bila kuuliza lolote. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya kawaida, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, sakafu ya saruji nyekundu iliyopigwa deki hadi ikang'aa, na mkeka uliokuwa ukitandikwa ukumbini kila jioni kwa ajili ya chakula. Kodi yangu ilihesabiwa pamoja na sahani yangu ya chakula, kwa sababu Mwanatumu hakuweza kumwona mtu akipita na njaa mlangoni pake. Nilifika mwembamba. Kufikia Ramadhani sketi zangu zote zilikuwa zimeongezwa kiunoni.

Hamisi alikuwa mtu wa masihara. Alikula polepole, akikunja tonge la wali kama anayefinyanga, na akisha kushiba alituhadithia jangwa la Chalbi. Alisema ni nchi iliyolala chali, nyeupe, imekauka kote, huwezi kupata hata kijiti cha kujificha ukitaka kwenda haja. "Wazungu wazima na heshima zao," alisema, "wananiambia, Hamisi, geuka. Nigeukie wapi? Kote ni wao!" Mwanatumu alicheka mpaka akajifunika uso na mtandio, ingawa kichekesho hicho alikisikia kila mwezi. Lakini alipokuwa akimfungia mizigo hakucheka. Alimjazia maji katika kila chombo kilichokuwa na kifuniko, chupa za soda, madumu ya mafuta ya kupikia yaliyooshwa kwa majani ya chai, na Hamisi alilalamika kwamba hoteli ina maji ya kutosha garini. "Hayo ni ya wageni," alijibu Mwanatumu. "Haya ni yako." Sote tulikiogopa kiu. Katika mazungumzo yote ya ule mkeka sikumbuki hata siku moja mtu aliyeogopa mvua.

Safari yenyewe ilikwenda hivi. Mgeni alikaa kwetu siku kadhaa, akachomwa na jua, akanywa madafu, akachoka na bahari. Kisha Hamisi aliwachukua wanne wanne kwa gari la magurudumu makubwa hadi Marsabit, wakampakia Galgalo, mtu wa kule kule, Mgabra, aliyekuwa kiongozi wao. Galgalo aliwapeleka kwenye visima ambako ngamia hunyweshwa, kwenye nyumba za mikeka ambazo wanawake huzivunja na kuzipakia mgongoni mwa ngamia siku ya kuhama, na kwa bibi mmoja aliyewakaangia buni nzima katika samli wakatafuna. Kisha wakarudi kwetu, vumbi hadi kwenye kope, wakajitupa baharini wakipiga kelele za furaha. Nilikuwa nawaonea wivu. Mimi Kenya niliyoijua iliishia Mariakani.

Pasaka ya mwaka ule waliondoka wageni wanne, watatu wa familia moja na mama mmoja mtu mzima aliyesafiri peke yake, jina lake Ingrid. Mwanatumu alikuwa na mimba changa, ambayo nje ya nyumba ile ilikuwa haijasemwa. Asubuhi moja redio ilikoroma nikaipokea, na meneja, ambaye alikuwa amesimama mlangoni akinywa kahawa, akaja akaichukua mkononi mwangu. Nikasogea hadi dirishani. Sauti ya Hamisi ilikuja na mikwaruzo mingi. "Bosi, imenyesha huku jana. Galgalo anasema tungoje ardhi ikauke. Ova."

"Ikauke lini?"

"Hajui. Labda siku mbili tatu, labda wiki. Ova."

"Wageni wana ndege ya kwao. Sasa hivi kuna mvua?"

"Sasa hivi ni jua, bosi. Ova."

Meneja akanywa funda la kahawa. "Basi?"

Hamisi akasema, "Galgalo amekataa kupanda gari. Ova."

"Wewe Chalbi umeivuka mara ngapi?"

"Nyingi tu."

"Basi," akasema meneja tena, na safari hii halikuwa swali. Hamisi akasema haya bosi. Hiyo ndiyo sauti yake ya mwisho niliyoisikia, haya bosi, ambayo kila mfanyakazi wa hoteli zote za Likoni anaisema mara kumi kwa siku. Nimejiuliza mara nyingi mtu angesema nini badala yake. Angekataa, angerudi na wageni wamenuna, angeachishwa kazi, na leo angekuwa mzee mwenye kitambi anayelalamika barazani kwamba aliachishwa kazi bure.

Jioni redio haikukoroma, wala asubuhi. Nilikaa nayo siku nzima nikiita, nikitaja jina la gari, nikingoja, nikiita tena, huku nje ya dirisha wageni wengine wakilalamika kwamba taulo za kuogelea hazijaletwa. Nilipiga simu polisi wa Marsabit hadi askari wa zamu akaijua sauti yangu. "Dada, barabara imekatika," aliniambia. "Hata sisi tunangoja." Meneja alizunguka akipiga simu za ndege ndogo, na marubani wakamjibu kwamba mawingu yako chini. Sikuwa na la kufanya ila kukaa pale na ile redio, na jioni ikanilazimu kurudi Bofu.

Kile kipande cha njia kutoka barabarani hadi nyumbani ndicho ninachokikumbuka kuliko vyote. Mwanatumu alikuwa akinisubiri kizingitini, na hakuuliza. Alinitazama usoni, akakuta hamna kitu, akageuka kwenda kupakua. Chakula cha Hamisi alikipakua pia, akakifunika kwa kawa la ukindu, akakiweka kando. Asubuhi alinipa mimi kile kiporo nikile na chai, na mimi nilikila, kwa sababu kukikataa kungekuwa kusema jambo. Bi Mishi, mama yake Hamisi, alikuwa amehamia kutoka Mtongwe na mkoba wake, akalala na mkaza mwanawe kitanda kimoja. Kupitia ukuta wangu, ambao haukufika darini, niliwasikia. "Ana maji," Mwanatumu alikuwa akisema. "Mama, nilimfungia maji mengi." Na Bi Mishi akiitikia, "Naam, mwanangu. Ana maji." Wakarudia hivyo hivyo kama watu wanaovuta uradi.

Wageni walipatikana. Wachunga ngamia waliliona gari, limezama hadi milangoni katika tope jeupe, na hao wanne wamekaa juu ya paa wamejitanda mashuka. Ndege ikawachukua mawingu yalipoinuka. Dereva hakuwako. Alikuwa ameondoka kwa miguu kufuata msaada kuelekea kwenye vilima alivyoviona, na usiku uliofuata mvua ilinyesha tena, ikafuta kila wayo. Wachungaji walimtafuta, Galgalo mwenyewe alimtafuta na ndugu zake kwa ngamia, polisi walimtafuta. Hakuna aliyepata hata kiatu.

Na wale wanne walirudi kwetu, kwa kuwa zilikuwa zimebaki siku chache za ufuoni kabla ya ndege yao ya kwao. Utaratibu wa hoteli ulikuwa kwamba mgeni akiteremka garini hupewa kitaulo cha baridi na glasi ya maji ya ukwaju. Mimi ndiye niliyewapa. Siwalaumu. Walilia, wale wa familia moja, wakanishika mikono, na kesho yake nikawaona wamejilaza kwenye viti karibu na maji, maana mtu aliyeponea chupuchupu afanye nini na jua na bahari vikiwa mbele yake? Lakini nilipofika usawa wao niligeuza njia. Nilikwenda stoo ya shuka nikasimama humo hadi aliyekuwa akihesabu foronya akaniuliza kama ninaumwa.

Ingrid ndiye aliyeniomba nimpeleke Bofu. Alivaa leso aliyonunua kwa wachuuzi wa ufuoni, ameifunga kwa adabu hadi kifundoni, akaketi kwenye mkeka na miguu yake mirefu akiwa hajui aipeleke wapi. Mwanatumu alimletea chai na kaimati. Kisha akaniambia, "Muulize, gari lilizamaje? Hamisi si dereva wa jana."

Nikauliza, Ingrid akajibu, nami nikatafsiri sentensi moja moja. Walifika mahali ambapo jangwa lilikuwa na sehemu mbili, moja kavu yenye vumbi, nyingine imelowa inang'aa. Yule baba wa familia alimwambia apite kwenye pakavu. Hamisi akacheka. Akawaambia kwao anakotoka mchanga mkavu ndio unaonasa gurudumu, na ule uliolowa, bahari ikishatoka, ni mgumu kama lami, watoto huchezea mpira juu yake, hata lori hupita. Akapita kwenye maji kwa mwendo mzuri kabisa, kidogo, kisha gari likakaa. Kule, akasema Ingrid, ilikuwa kinyume. Ile ngozi ya juu ikikauka inabeba chochote, ikilowa haina chini.

Bi Mishi alikuwa ameketi pembeni na tasbihi. Akasema polepole, "Ni kweli. Mchanga ulolowa ni mgumu." Hakuna mtu wa Likoni ambaye asingefanya vile. Mimi niliyezaliwa mbali na bahari ningefanya vile, baada ya miaka miwili tu ya kupita ufuoni nikienda kazini. 

"Muulize alikwenda na maji," akasema Mwanatumu.

Ingrid alifunika macho. Alisema Hamisi alichukua chupa moja ya soda yenye maji, akawaachia madumu yote, na kwamba wao walimwambia achukue zaidi, naye akasema mke wake atamgombeza lakini wao ni wageni. Nilitafsiri hilo pia. Mwanatumu alinyanyuka, akakusanya vikombe, akaenda uani, na nikasikia anaviosha, kwa muda mrefu, vikombe vinne tu.

Baada ya hapo ulianza mwezi mmoja wa ajabu, ukafuatwa na mingine. Kwetu sisi Wakristo wa Kaloleni mambo haya tungeyamaliza kwa namna fulani. Nyumba ile haikuweza. Sheikh wa mtaani alikuja akaketi ukumbini, mtu mpole, akasema kwa masikitiko kwamba hakuna maiti, hakuna aliyeshuhudia kifo, kwa hiyo haswaliwi, na mke haingii eda. Angoje. "Tungoje nini, sheikh?" akauliza Bi Mishi, na sheikh akasema, "Habari, mama. Yoyote." Mwanatumu alifurahi, nakwambia kweli, uso wake ulichangamka. Kwa kuwa hakuwa na eda alitoka, akaenda sokoni, akavaa buibui lake la kila siku, akapaka hina Idi ilipofika. Majirani walimsema. Wengine walisema hana huzuni, wengine kwamba amerukwa na akili. Yeye alikuwa mke wa mtu aliyesafiri, basi, na kawa lilikuwa pale pale kila jioni.

Kiangazi cha kaskazini kilipokuja hoteli ilituma mafundi wakalichomoa gari. Lilirudi Likoni likiwa juu ya lori, likaoshwa, likabadilishwa viti, na kabla ya Agosti lilikuwa linabeba wageni tena kwenda Chalbi, na dereva mwingine. Meneja alihamishwa. Mwanatumu, tumbo limeshakuwa kubwa, alikuja hotelini siku moja akaomba kulitazama. Nilimpeleka nyuma, kwenye gereji. Alilizunguka. Akafungua mlango wa dereva, akachungulia ndani, akaufunga taratibu kama anayeogopa kumwamsha mtu. "Limerudi," akasema. 

Kadiri tumbo lilivyokua, Bi Mishi alinywea. Aliacha kuitikia yale maneno ya usiku. Alikuwa ameshakubali, peke yake, bila kumwambia mtu, na alichokitaka kilijulikana siku chache kabla ya mtoto kuzaliwa. Katika nyumba ile mtoto hakupewa jina la babake ilhali babake yu hai. Kumpa jina hilo ni kusema kwamba mwenye jina ameliacha. Mimi nilikuwa chumbani mwangu nikipiga pasi sare. Niliwasikia wakikuna nazi, mbuzi mbili, sauti mbili.

"Akiwa mwana wa kiume," Bi Mishi alisema, "tutamwita Hamisi."

Mbuzi moja ikanyamaza. "Mama, hilo jina lina mwenyewe."

"Tumu mwanangu."

"Lina mwenyewe. Mkimwita hivyo mtakuwa mmenizikia mume wangu na miye nipo hapa, sijaona kitu. Wallahi sikubali."

"Na miye?" Bi Mishi akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Miye ni mzee. Mwanangu hajaswaliwa. Sijakaa matanga. Watu hawajui waniambie pole au waniambie inshallah. Nataka jina lake nilitaje kwa mtu aniitikie naam, kabla sijafa. Hilo pia ni baya?"

Mbuzi ya Mwanatumu ikaanza tena. Nilisimama na pasi mkononi hadi nikaunguza kola. Wote wawili walikuwa na haki, na kama ningetoka nikasimama upande wa mmoja ningemuua mwingine. Sikutoka.

Alizaliwa mwana wa kiume, vuli ilipoanza. Jamaa mmoja wa Hamisi alimwadhinia sikioni, kazi ambayo angeifanya babake. Siku ya saba walichinja mbuzi uani. Wanaume walijaa barazani, wanawake ukumbini na leso za zawadi na sabuni za mtoto, na mwalimu wa madrasa akaja kumnyoa mtoto na kumpa jina. Hakuna aliyejua jina gani. Tangu siku ya nazi zile Bi Mishi na Mwanatumu walikuwa hawajaligusa tena jambo hilo. Walipishana mlangoni kwa heshima, shikamoo, marahaba, chai hii hapa. Nilikuwa nimeshika sahani ya kupokelea nywele. Mwalimu alinyoa, akasoma, akainua kichwa, akauliza, "Jina lake?"

Alimtazama Bi Mishi, kwa kuwa ndiye mkubwa. Bi Mishi alifungua kinywa, akakifunga. Machozi yakamtoka, akatikisa kichwa, akamwonyesha Mwanatumu kwa mkono. Alikuwa amemwachia.

Mwanatumu alikuwa ameketi kitandani, mlango wa chumba wazi, mtoto mapajani. Alimtazama yule mtoto kwa muda mrefu hivi kwamba nje barazani mtu akauliza kuna nini. Kisha akasema, "Hamisi."

Mwalimu hakuelewa, au alitaka kuhakikisha, au ndio utaratibu wao tu. "Hamisi bin nani?"

"Bin Hamisi," akasema Mwanatumu, na hapo ndipo alipolia. Kilio kile sijakisikia tena kwa mtu yeyote. Bi Mishi alimwendea kwa magoti, akamkumbatia yeye na mtoto pamoja. Wanawake wakaziweka leso zao za zawadi chini, wakajifunika, wakaanza kuomboleza. Huko barazani wanaume walikuwa wamelisikia jina. Mmoja akavua viatu na kukunja mikono ya kanzu, na wengine wakamfuata uani, wakipanga foleni kwenye mtungi kutia udhu, ili wamswalie yule Hamisi wa kwanza swala ya maiti.